Kompyuta Nazo Zimweleze Mwananchi

Zamani mwananchi aliyefuata haki yake ofisini akajibiwa "Njoo kesho" alijua kwamba amekutana na urasimu, na alijua pa kuushtaki: kwa balozi wa nyumba kumi, katika tawi la Chama, au mbele ya mkutano wa hadhara. Siku hizi jibu limebadilika. Huambiwa, "Mfumo umegoma." Akichungulia kioo cha kompyuta ili aone kilichogoma, hukuta kisanduku chenye maneno machache ya Kiingereza na namba ndefu isiyosomeka. Karani naye hajui maana yake. Hubonyeza kitufe, kisanduku kikaondoka, kisha kikarudi. Huizima mashine na kuiwasha, na mambo huwa ni yale yale. Mwananchi hurejea kwake mikono mitupu, wala hapana wa kumshtaki, kwa kuwa aliyemkatalia ni mashine.

Jambo hili si la watu wa mijini pekee. Linatuhusu sisi wa Kalemela, katika Wilaya ya Busega, kama linavyowahusu ndugu zetu wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Leo hesabu za zahanati na shule za umma hupitishwa katika mfumo wa FFARS, na tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma hupitishwa katika mfumo wa NeST. Muuguzi, mwalimu mkuu na mtendaji wa kata wote wamekuwa watu wa kompyuta, wapende wasipende. Fundi wao, yaani afisa TEHAMA, yuko halmashauri, Nyashimo. Mashine inaposema jambo lisiloeleweka, kazi husimama mpaka fundi huyo apatikane, na wagonjwa, wazazi na wakulima husimama pamoja nayo.

Sisi tunasema kwamba maneno ambayo mashine huyatoa inaposhindwa kazi ni sehemu ya huduma, kama lilivyo jibu la karani dirishani. Karani anayemjibu mwananchi kwa mkato na kumwacha asijue la kufanya hukaripiwa. Haifai kuvumilia mwenendo huo huo kwa sababu tu msemaji ni kompyuta. Kompyuta haikujitungia maneno yake. Yaliandikwa na mtu, yakanunuliwa na mtu, yakapokelewa na mtu aliyetia sahihi kwamba mfumo umekamilika.

Yafaa kwanza ieleweke ujumbe huo unatoka wapi. Chini ya programu zote za kompyuta ipo programu moja kubwa inayoitwa mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi, Linux vivyo hivyo, na Android iliyomo katika simu nyingi za wananchi ni mfumo endeshi pia. Kazi yake ni kutunza mafaili, kugawa kumbukumbu, na kusimamia printa, kibodi na mtandao. Programu ya mahesabu ikitaka kuhifadhi faili, huuomba mfumo endeshi. Ombi likishindikana, mfumo endeshi hurudisha namba. Katika Linux, kwa mfano, namba 2 maana yake faili halipo, namba 13 maana yake ruhusa imekataliwa, na namba 28 maana yake hapana nafasi iliyobaki katika diski.

Hapa ndipo maelezo hupotea. Mfumo endeshi unajua kwamba diski imejaa, lakini haujui kwamba aliyekuwa akiandika ni mtunza hazina wa chama cha msingi, wala kwamba alikuwa akiorodhesha malipo ya pamba. Programu ya mahesabu inajua hayo yote, lakini aliyeitengeneza, kwa uvivu au kwa haraka, aliiamuru iionyeshe tu namba aliyoletewa. Kila upande una nusu ya habari, na mwananchi hapewi hata nusu moja iliyo kamili. Ni kama mjumbe aliyetumwa na barua mbili, akafika na bahasha tupu yenye muhuri.

Hali hii ina historia yake. Kompyuta za kwanza zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, na kila herufi iliyohifadhiwa ilikuwa na gharama. Kwa hiyo mashine kubwa za IBM zilitoa alama fupi za hitilafu, na mafundi walikuwa na vitabu vinene vya kuzifafanua. Hilo lilikuwa na maana wakati ambapo kila kompyuta ilikaa katika chumba chake pamoja na wataalamu wake. Tanzania ilipopata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha, hali ilikuwa ndiyo hiyo. Leo simu ya mkulima ina kumbukumbu kubwa kuliko mashine ile mara nyingi zisizohesabika kwa urahisi. Sababu ya kusema kwa namba imekwisha, lakini desturi imebaki.

Na desturi hiyo imezaa maajabu. Katika mifumo ya Unix kuna hitilafu namba 25, ambayo kwa miaka mingi iliwaambia watu kwamba kifaa wanachotumia si mashine ya taipu. Aliyepata ujumbe huo aghalabu hakuwa na habari yoyote na mashine ya taipu. Macintosh ya mwaka 1984 iliposhindwa kabisa ilionyesha picha ya bomu na namba, na mtu aliyekuwa akiandika barua yake kwa amani akashtuka. Windows za miaka ya 1990 zilitangaza kwamba programu imetenda kitendo kisicho halali na itafungwa. Ofisini kwetu sisi, ambako neno "halali" lina uzito wake mbele ya sheria na mbele ya dini, mtu aliyeelezwa maana ya maneno hayo angeweza kudhani kwamba polisi wako njiani. Kumbe kosa lilikuwa la programu yenyewe, naye hakufanya lolote ila kubonyeza kitufe.

Wengine watasema hayo ni ya zamani. Tarehe 19 Julai, 2024, marekebisho mabovu ya programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike yaliziangusha kompyuta za Windows zipatazo 8,500,000 duniani. Viwanja vya ndege, hospitali na benki za nchi tajiri vilikwama. Vioo viligeuka buluu, vikaonyesha uso wa huzuni na maneno ya kifundi kuhusu kurasa za kumbukumbu. Dawa ilikuwa kuiwasha kompyuta kwa njia ya tahadhari na kufuta faili moja tu lililoharibika. Lakini maneno ya kioo cha buluu hayakumwelekeza mtu wa kawaida kwenye faili hilo wala kwenye njia ya kulifuta. Mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba kioo hicho katika Windows 11 kitakuwa cheusi badala ya cha buluu. Sisi hatuna ugomvi na rangi. Haja yetu ni maneno.

Maneno mazuri si jambo la kubahatisha. Mwaka 1994 Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark, aliweka kanuni kumi za kutengeneza mitambo inayotumika kwa urahisi, na mojawapo inahusu jambo hili hasa: ujumbe wa hitilafu usemwe kwa lugha ya kawaida, ubainishe kosa lenyewe, na upendekeze njia ya kulitatua. Wataalamu wa kompyuta wameisoma kanuni hiyo vyuoni kwa miaka mingi. Wala sisi hatukuhitaji kuingoja kutoka ng'ambo. Mwalimu wa chuo cha Kurani, mtoto anapoikosea herufi, hamwambii "kosa namba saba" kisha akanyamaza. Humsimamisha pale pale alipoteleza, humtamkia herufi ilivyo, humrudisha mwanzo wa aya na kumsikiliza tena. Mtoto hutoka amejua alipokosea na namna ya kuendelea. Anayetengeneza mfumo wa kompyuta hana udhuru wa kufanya pungufu ya hapo.

Tutoe mfano. Mtunza hazina ameandika orodha ndefu, amebonyeza kuhifadhi, na mashine imejibu: "Hitilafu 28." Hajui kama kazi yake imepotea, hajui kama ni yeye aliyekosea, hajui la kufanya. Sasa mashine hiyo hiyo ingeweza kusema: "Orodha haijahifadhiwa kwa sababu diski imejaa. Ulichoandika bado kipo, usizime kompyuta. Futa mafaili usiyoyahitaji au chomeka flashi, kisha bonyeza Hifadhi tena. Ukimpigia fundi, mtajie namba 28." Sentensi hizi zinamjulisha mtu mambo manne: kilichotokea, sababu yake, usalama wa kazi yake, na hatua inayofuata. Namba ya fundi nayo haikutupwa, imewekwa mwisho mahali pake.

Kwamba jambo hili linawezekana nchini mwetu, kila mwenye simu ni shahidi. Tangu M-Pesa ianze Tanzania mwaka 2008, na nyingine zikaifuata, wananchi wasiojua Kiingereza hata kidogo wamekuwa wakituma na kupokea fedha kwa simu ndogo za vitufe. Mtu akitaka kutuma fedha asizokuwa nazo, huelezwa kwa Kiswahili kwamba salio halitoshi, naye huelewa mara moja. Haiti fundi. Makampuni ya simu hayakufanya hivyo kwa huruma, bali kwa sababu mteja asiyeelewa hatumii, na asiyetumia halipi. Basi ikiwa mfanyabiashara amejifunza kusema na mkulima kwa sababu ya faida, mtumishi wa umma ashindwe kwa sababu gani?

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu lina upande mwingine ulio mzito zaidi ya usumbufu. Ujumbe usiosomeka humpa nguvu yule aliyekaa baina ya mashine na mwananchi. Karani mwaminifu hukwama, lakini karani asiye mwaminifu hupata kichaka. Anaweza kusema mfumo umegoma hali haukugoma, na mwananchi hana namna ya kumbishia, maana kioo kimeandikwa maneno ambayo wote wawili wamezoea kutoyasoma. Kinachofuata hapo kila mtu anakijua: "kitu kidogo" cha kuufanya mfumo ukubali.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wanaijua hali hii kwa jina lingine. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, mojawapo ya manung'uniko yao makubwa ilikuwa mizani ya wanunuzi. Mkulima alileta pamba yake, mnunuzi akaitazama mizani, akataja uzito, na mkulima asiyeweza kuhakikisha akapokea alichopewa. Manung'uniko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kujenga vyama vyao wenyewe, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa shirikisho lililojulikana kwa jina la VFCU chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kisha kati ya mwaka 1968 na 1972 ulifanyika mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, ambao mkoa wake wakati huo ulizifikia sehemu zetu hizi. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao, na kilimo cha pamba kilikuwa miongoni mwa masomo hayo. Mtu aliyejua kusoma na kuhesabu hakuweza tena kudanganywa uzito kwa urahisi.

Kioo cha kompyuta ndiyo mizani ya leo. Bibi wa mkulima huyo alijifunza kusoma namba za mizani, lakini mjukuu wake, ingawa amemaliza darasa la saba au kidato cha nne, anarudishwa katika hali ile ile ya kutazama asielewe, na kuamini alichoambiwa. Juhudi za kufuta ujinga zilizoanza baada ya Uhuru hazikukusudiwa zifike mlangoni mwa kompyuta zikakomea hapo. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowakemea viongozi wenye jeuri na dharau kwa wale wanaowaongoza, haukumruhusu mtu kuikabidhi dharau hiyo kwa mashine.

Suala la lugha nalo lina historia ndefu. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na mwaka huo huo Microsoft ikatangaza nia ya kuitafsiri Windows. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Ikiwa hukumu ya hakimu inatakiwa kufahamika kwa mshitakiwa, ni ajabu kwamba hukumu ya kompyuta haitakiwi kufahamika kwa mtu yeyote.

Lakini lazima tuwe wakweli: tafsiri peke yake haitoshi. Ujumbe uliokuwa giza kwa Kiingereza ukitafsiriwa neno kwa neno hubaki giza kwa Kiswahili. "Ufikiaji umekataliwa" ni maneno ya Kiswahili, lakini hayamwambii mwalimu mkuu ni nani aliyekataa, kwa sababu gani, na amwone nani. Angeelezwa, "Faili hili hufunguliwa na mhasibu tu, mwombe akupe ruhusa," angekwisha kuondoka kwenda kumtafuta mhasibu. Kazi inayotakiwa, basi, ni ya kutunga upya kwa kumfikiria msomaji, na wala si ya kugeuza maneno kwa kamusi.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba mifumo endeshi hutengenezwa Marekani, na Kalemela haiwezi kuiamuru Microsoft. Ni kweli. Lakini mifumo inayotumika juu yake katika ofisi zetu mingi imetengenezwa na vijana wa Kitanzania, Dodoma na Dar es Salaam, na programu yoyote iliyoandikwa kwa makini inaweza kuipokea namba ya mfumo endeshi, kuizuia isimfikie mtumiaji ikiwa tupu, na kuieleza kwa maneno ya kazi anayoifanya. Aidha Linux ni mali ya wote: maneno ya programu zake nyingi huwekwa katika mafaili ya tafsiri yaliyotengwa na programu yenyewe, na kijana yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyaandika kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa ya tajiri. Hapo kujitegemea kunawezekana kwa vitendo.

Wengine watasema kwamba maelezo mengi yatawasaidia wezi. Hoja hiyo ina ukweli wake kwa mambo machache. Mtu anapokosea jina au nywila, si busara mashine imwambie kipi kati ya hivyo viwili amekosea, kwa kuwa mwizi naye atakuwa anasikiliza. Lakini hakuna mwizi atakayenufaika kwa kuelezwa kwamba karatasi imekwisha katika printa au mtandao umekatika. Siri ilindwe pale ilipo, isigeuzwe kisingizio cha kuficha kila kitu.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu na Sheria ya mwaka 2019, iweke sharti kwamba mfumo wowote wa umma usipokelewe mpaka ujumbe wake wote wa hitilafu uwe umeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleza kilichotokea, sababu yake, na hatua ya kuchukua. BAKITA isaidie kusanifisha maneno, ili "hifadhi" isiwe na maana moja Dodoma na nyingine Simiyu. Halmashauri ziwadai watengenezaji waje kuijaribu mifumo yao katika kata kabla ya kuisambaza: wamketishe muuguzi wa zahanati mbele ya mashine, waung'oe mtandao kwa makusudi, waijaze diski kwa makusudi, kisha wakae kimya na kumtazama. Akishindwa kuelewa alichoambiwa, aliyeshindwa ni mtengenezaji, arudi akaandike upya.

Watumishi wa ofisi zetu nao wana wajibu. Kila hitilafu iandikwe katika daftari: tarehe, saa, maneno yaliyoonekana, na kazi iliyokuwa ikifanywa. Kwanza, daftari hilo litamsaidia fundi. Pili, litakuwa ushahidi wa mahali mfumo unapowaumiza watu. Tatu, litamzuia yule anayesema mfumo umegoma kila anapoona mwananchi hana chochote mkononi. Na mwananchi anayeambiwa kwamba mfumo umegoma ana haki ya kuuliza: umesema nini? Asione haya kuuliza, na mtumishi asione amedharauliwa kuulizwa.

Hatuzikatai kompyuta. Taifa letu liliwahi kupiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali zilizokabidhiwa mashine kuvurugika, na hapana anayetamani kurudi huko. Funzo la wakati ule ni kwamba mashine isiyoeleweka kwa wanaoitumia huwa mzigo, hata ikiwa ya thamani kubwa kiasi gani. Mashine zimekuja kumtumikia mkulima, muuguzi na mwalimu. Zinaposhindwa, na zitashindwa, kwa kuwa hakuna kilichotengenezwa na mwanadamu kisichoshindwa, ziseme ukweli huo kwa adabu, kwa Kiswahili, na zionyeshe njia. Wahusika waanze na mifumo inayotengenezwa sasa, maana kuandika sentensi tatu zilizo wazi hakungoji bajeti ya mwaka ujao.